Kozi ya programu za kompyuta: Ya kujua kabla fedha ya korosho haijaenda chuoni

MSIMU wa korosho unapofunguliwa kila mwezi Oktoba, kaya nyingi za Masasi na Newala, mkoani Mtwara, huanza kupanga matumizi ya fedha ambayo haitapatikana tena hadi mwaka unaofuata. Katika mipango hiyo, ada ya watoto hushika nafasi ya mbele.

Miongoni mwa masomo yanayowavutia vijana wanaohitimu kidato cha nne katika wilaya hizo ni uandishi wa programu za kompyuta. Somo hilo hufundishwa katika mwaka wa kwanza wa kozi za astashahada na stashahada za teknolojia ya habari na sayansi ya kompyuta. Ni somo lenye sifa kubwa ya kufungua milango ya ajira na kujiajiri, lakini pia ni moja ya masomo yanayowaangusha wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza duniani.

Mwaka 2014 watafiti Christopher Watson na Frederick Li wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, walichapisha matokeo ya uchambuzi wa kozi 161 za aina hiyo katika nchi 15. Waligundua kuwa wastani wa wanaofaulu ulikuwa asilimia 67.7. Kwa maneno mengine, karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu hakumaliza kwa mafanikio.

Utafiti huo ulionyesha jambo jingine lenye uzito. Kiwango cha kufaulu hakikutofautiana sana kwa sababu ya lugha ya programu iliyotumika kufundishia, wala hakikubadilika sana kadiri miaka ilivyopita. Maana yake ni kwamba tatizo halimo katika mashine wala katika lugha ya programu. Limo katika namna mwanafunzi anavyoanza.

Kwa familia ya uwandani ambayo imeuza magunia ya korosho ili kumpeleka mtoto chuoni, hilo ni jambo la kufahamu mapema. Kurudia somo ni kulipa tena, na kurudia mwaka ni kungoja msimu mwingine wa mavuno.

Si kujifunza kuchapa barua

Wazazi wengi hulipia kozi hii wakiamini kuwa kijana anakwenda "kusoma kompyuta", yaani kuchapa barua, kutumia intaneti au kutengeneza mashine zilizoharibika. Hayo yote yana masomo yake. Uandishi wa programu ni kazi nyingine.

Programu ni orodha ya maagizo ambayo kompyuta huyafuata moja baada ya jingine bila kuuliza na bila kukisia. Mwanafunzi hufundishwa kulichukua tatizo, kulivunja katika hatua ndogondogo, kuzipanga hatua hizo kwa utaratibu usio na utata, kisha kuziandika kwa lugha ambayo mashine inaweza kuifuata.

Mpangilio huo wa hatua huitwa algorithimu, neno lililotokana na jina la mwanahisabati al-Khwarizmi aliyefanya kazi zake mjini Baghdad katika karne ya tisa. Ni elimu ya zamani kuliko kompyuta kwa zaidi ya miaka 1,000, na ndiyo sababu inaweza kuanza kusomwa kwa kalamu na karatasi.

Mfano ulio karibu na wakazi wa Masasi na Newala ni malipo ya mkulima katika chama cha msingi cha ushirika, AMCOS. Tangu mwaka 2007 korosho za Mtwara zilipoanza kuuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima hupeleka mzigo, mzigo hupimwa, korosho hupigwa mnada, kisha mkulima hulipwa baada ya makato.

Karani wa chama hufanya hesabu hiyo kila siku ya msimu. Ikigeuzwa kuwa algorithimu huwa na hatua tano: pokea uzito wa mzigo kwa kilo, pokea bei ya kilo moja, zidisha uzito kwa bei, zidisha uzito kwa makato ya kilo moja, toa makato hayo kwenye jumla na uandike kinachobaki.

Kwa mfano tu, iwapo mzigo ni kilo 350, bei ni Sh3,000 na makato ni Sh250 kwa kilo, jumla itakuwa Sh1,050,000, makato Sh87,500, na mkulima atapokea Sh962,500. Yeyote aliyemaliza shule ya msingi anaiweza hesabu hiyo. Hapo ndipo wengi hujidanganya kuwa kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Mambo matatu yanayobeba kozi nzima

Muhula wa kwanza wa kozi hii hujengwa juu ya mambo matatu makubwa, ingawa kila chuo hupanga mada zake kwa namna yake.

La kwanza ni kibadilika. Hiki ni mfano wa kisanduku chenye jina, ambamo kompyuta huhifadhi thamani inayoweza kubadilishwa. Katika mfano wa korosho, uzito, bei na makato ni vibadilika. Mzigo wa mkulima mwingine ukifika, jina la kisanduku hubaki lilelile lakini kilichomo hubadilika. Wanafunzi wengi huteleza hapa kwa kudhani kuwa kisanduku hukumbuka thamani zote zilizopata kuwekwa humo. Hakikumbuki. Thamani mpya huifuta ya zamani.

La pili ni sharti. Korosho za daraja la kwanza na za daraja la pili hazina bei moja. Hivyo programu lazima iulize: je, mzigo huu ni wa daraja gani? Ikiwa ni la kwanza, itumie bei hii. La sivyo, itumie bei ile. Kwa njia hiyo programu hupewa uwezo wa kuchagua, lakini huchagua tu kati ya njia ambazo mwandishi wake amezifikiria kabla.

La tatu ni mzunguko. Chama chenye wakulima 400 hakiandiki maagizo yaleyale mara 400. Kompyuta huelekezwa kurudia hatua hizo kwa kila mkulima hadi orodha iishe. Faida ya mzunguko ni kubwa, na hatari yake pia ni kubwa, kwa kuwa mzunguko usioelezwa mwisho wake hauishi.

Baada ya mambo hayo matatu, mwanafunzi hufundishwa kuzikusanya hatua zinazotumika mara kwa mara na kuzipa jina moja, kuhifadhi orodha ndefu za taarifa, na kusoma au kuandika mafaili. Asiyeushika vizuri msingi huo wa kwanza hawezi kuyajenga hayo juu yake. Mada za somo hili hupandana kama matofali ya ukuta, tofauti na masomo ambayo mwanafunzi anaweza kuiacha mada moja na kuifidia kwa nyingine wakati wa mtihani.

Hii ndiyo sababu wiki sita za mwanzo huwa na uzito kuliko sehemu nyingine yoyote ya kozi. Anayechelewa kuripoti chuoni kwa wiki tatu kwa kuwa ada haijakamilika hukuta wenzake wamekwisha kupita msingi, naye huanza kukariri asichokielewa.

Kosa linaloonekana na kosa lililojificha

Mwanafunzi mgeni hukatishwa tamaa mapema na makosa. Akiisahau alama moja ndogo, mashine hukataa kazi yote na kumwandikia ujumbe wa Kiingereza kwenye skrini. Wengi huuchukulia ujumbe huo kama dalili kwamba hawana kipaji.

Ukweli ni kwamba makosa ya aina hiyo ndiyo mepesi kuliko yote, kwa sababu mashine yenyewe huyafichua na mara nyingi hutaja namba ya mstari wenye kasoro. Hata waandishi wa programu wenye uzoefu wa miaka mingi huyapata kila siku. Jambo la kujifunza ni kuusoma ujumbe wote kwa utulivu badala ya kuufunga haraka.

Makosa ya hatari ni yale ambayo mashine haiyaoni. Karani akiandika kilo 35 mahali pa kilo 350, programu ya mfano uliotangulia itafanya kazi yake bila kulalamika na kutoa jibu la Sh96,250. Hesabu itakuwa sahihi kabisa, na mkulima atakuwa amepunjwa Sh866,250.

Vivyo hivyo, mwandishi wa programu akisahau kuyatoa makato, au akiyatoa mara mbili, hakuna ujumbe wowote utakaotokea. Ndiyo maana kozi nzuri humfundisha mwanafunzi kuijaribu programu yake kwa tarakimu ambazo jibu lake tayari analijua, na kujiuliza ingekuwaje iwapo mtu angeingiza sifuri, namba hasi au herufi mahali pa namba.

Suala hilo si la darasani peke yake. Katika msimu wa 2024/2025 korosho ziliuzwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), na vyama vikuu vya ushirika, kikiwamo TANECU kinachohudumia Tandahimba na Newala, vilishiriki minada hiyo. Kadiri biashara ya zao hilo inavyohamia kwenye mitambo, ndivyo eneo hilo linavyohitaji watu wake wenyewe wanaoelewa mitambo hiyo inakokotoa nini na inaweza kukosea wapi.

Hesabu, Kiingereza na hofu ya historia

Vijana wengi huikwepa kozi hii kwa hofu mbili: hesabu na Kiingereza.

Kuhusu hesabu, kozi ya awali haidai zaidi ya ile ya kidato cha pili kwa sehemu kubwa: kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kutumia herufi badala ya namba. Kinachohitajika zaidi ni uvumilivu wa kufuata hoja hatua kwa hatua. Hesabu ngumu huja baadaye, hasa kwa wanaoendelea hadi shahada.

Tangu zamani wapo walioamini kuwa elimu hii si ya wanahisabati pekee. Mwaka 1964 walimu John Kemeny na Thomas Kurtz wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, walitengeneza lugha ya BASIC ili hata wanafunzi wasiosoma sayansi waweze kuandika programu. Python, ambayo leo hutumika katika vyuo vingi kufundishia wanaoanza, ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi, na sifa yake kubwa ni usomekaji wake.

Kuhusu Kiingereza, hofu ina msingi. Mwanafunzi wa Tanzania husoma shule ya msingi ya Serikali kwa Kiswahili, kisha hubadilishiwa lugha anapoingia sekondari. Vitabu vya programu na ujumbe wa makosa viko kwa Kiingereza.

Hata hivyo, maneno maalumu ya lugha ya Python ni 35 tu, na kozi ya awali hutumia sehemu yake. Majina ya vibadilika huchaguliwa na mwandishi mwenyewe, na hakuna kanuni inayomzuia kuviita "uzito", "bei" na "makato". Anayeweza kumweleza mwenzake kwa Kiswahili sanifu programu inafanya nini katika kila mstari ameielewa. Anayeweza tu kuirudia tafsiri ya Kiingereza kama ilivyoandikwa kitabuni bado hajaielewa.

Kiswahili chenyewe si kigeni katika fani hii. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisini iliyotafsiriwa kwa Kiswahili.

Uchanga wa elimu hii nchini una historia yake. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, marufuku iliyokuja kulegezwa baadaye. Sera ya kwanza ya Taifa ya teknolojia ya habari na mawasiliano ilipitishwa mwaka 2003, wakati wa Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Si ajabu, basi, kwamba mzazi mwenye umri wa miaka 50 au 60 hakukutana na somo hili shuleni na hana la kumshauri mwanawe.

Miezi ya kungoja isipotee

Mhitimu wa kidato cha nne hufanya mtihani wake mwezi Novemba. Matokeo hutoka Januari, na vyuo vingi hupokea wanafunzi wapya Septemba au Oktoba. Kati ya mtihani na chuo kuna karibu miezi kumi, na ni katika miezi hiyo ambapo fedha ya korosho nayo huwa inangoja, au inatumika kwa mambo mengine.

Jambo la kwanza la kufanya katika kipindi hicho ni kukikagua chuo. Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET) hutoa mwongozo wa udahili unaoonyesha vyuo vilivyosajiliwa, kozi vinazoruhusiwa kutoa na sifa za kujiunga. Kwa kawaida anayeingia ngazi ya nne, yaani astashahada ya awali, hutakiwa kuwa na ufaulu wa angalau masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini. Kutoka hapo hadi stashahada, ambayo ni ngazi ya sita, ni safari ya miaka mitatu.

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vipo Masasi na Newala kwa mafunzo ya stadi za kazi, lakini kijana anayetaka stashahada ya kompyuta mara nyingi hulazimika kuangalia mbali zaidi, katika miji kama Dar es Salaam, Dodoma na Mbeya. Hivyo bajeti ya mzazi isiishie kwenye ada. Iwemo nauli, pango na chakula. Aidha, katika mwaka wa masomo wa 2023/2024 Serikali ilianza kutoa mikopo kwa wanafunzi wa stashahada katika fani zilizoteuliwa, na ni vyema kuangalia iwapo kozi inayokusudiwa imo kwenye orodha.

Jambo la pili ni kuanza kujifunza. Programu ya Python hupatikana bure. Ikishapakuliwa mara moja, hufanya kazi bila intaneti. Hilo ni muhimu kwa eneo ambalo vifurushi vya data ni gharama, na hata nchi nzima imewahi kuonja kukatika kwa mawasiliano, kama ilivyokuwa Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zilipopata hitilafu.

Kompyuta mpya si sharti. Kompyuta iliyokwishatumika yenye kumbukumbu ya gigabaiti nne inatosha kwa kozi nzima ya awali. Asiyekuwa nayo anaweza kuanza kwa simu ya kisasa, kwani zipo programu za simu zinazoruhusu kuandika na kujaribu Python.

Asiye na chochote kati ya hivyo bado ana daftari. Zoezi lenye manufaa kuliko mengi ni kuchukua programu fupi iliyochapishwa, kuchora vibadilika vyake kwenye karatasi, na kuandika thamani ya kila kimoja baada ya kila mstari, kama mashine ambavyo ingefanya. Umeme ukikatika, zoezi hilo halisimami. Zaidi ya hayo, mitihani mingi ya vyuoni humtaka mwanafunzi aandike programu kwa kalamu.

Vijana wawili kushirikiana kompyuta moja si balaa pia. Tafiti zilizofanywa katika vyuo vya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilionyesha kuwa wanafunzi wanaoandika programu wawili wawili, mmoja akiandika na mwingine akikagua, kisha wakibadilishana nafasi, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuendelea hadi mwisho wa kozi.

Mtego mpya

Tangu Novemba 2022, ilipotolewa huduma ya ChatGPT, mwanafunzi yeyote mwenye simu anaweza kuomba programu nzima na kuipata kwa sekunde chache. Huduma za aina hiyo zinaweza kuwa mwalimu mzuri zikiulizwa zieleze kosa au zifafanue mstari usioeleweka.

Zikitumiwa kufanya zoezi lote, humfanya mwanafunzi ajione anajua hadi siku ya mtihani, atakapokaa mbele ya karatasi tupu. Tabia hiyo haitofautiani na ile ya zamani ya kunakili kazi ya mwenzake. Tofauti ni kwamba sasa aliyenakiliwa hachoki wala halalamiki.

Kipimo cha kujikagua ni chepesi. Mwanafunzi aifunge programu aliyoiandika, asubiri hadi kesho yake, kisha aiandike upya bila kutazama. Akishindwa, hakuwa ameielewa, na ni heri alijue hilo wiki ya pili kuliko wiki ya kumi na tano.

Saa moja kila siku hushinda saa saba za Jumamosi. Somo hili hujengwa kwa mazoea, kama wakulima wa korosho wanavyojua kuwa kupuliza dawa ya ubwiri unga mara moja kwa wingi hakuchukui nafasi ya kupuliza kwa wakati wake.

Mzazi hahitaji kuijua Python ili afuatilie. Anaweza kumwomba kijana, anaporudi likizo, amwonyeshe programu moja aliyoiandika mwenyewe na amweleze kwa Kiswahili kila mstari unafanya nini. Ikiwa ni ya kukokotoa malipo ya korosho, mzazi anayo stakabadhi yake mkononi, na anaweza kuhakiki jibu kwa macho yake.